Chanuo Lililolala: Papa Blanchard Kitenge Anaweka Penso Chini

Mimi, Rémy Mwamba, seremala wa Atelye Kazi ya Mkono, karakana yetu hapa Mikelenge, niko na miaka sabini na tisa. Nimepita vita viwili, wakubwa wa atelye watano, treni iliyokufa ikafufuka, misumeno kumi na moja, na daktari mmoja aliyenikataza chumvi. Yeye tulimzika. Chumvi naila mpaka leo. Ninayasema haya ili mujue anayeandika ni nani. Shule nilifika darasa la tatu tu, lakini darasa la tatu la zamani. Déborah wa ofisi amepiga maneno haya kwa mashine, na nimemkataza kuyagusa. Nukta nimemruhusu.

Papa Blanchard Kitenge, mpakaji wetu wa rangi, anastaafu siku ya Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, akiwa na miaka sitini na saba. Ametumika kazini miaka arobaini na nne na miezi saba. Alipoingia kwa mlango wetu, mwezi wa tatu mwaka 1981, mimi nilikuwa tayari na miaka sita hapa, na ubao wa kwanza aliopaka ni mimi niliuranda. Na wa mwisho vilevile. Watu wanasifu rangi. Sawa. Lakini rangi bila ubao ni maji ya kumwaga.

Alianza kwa kuandika majina ya mitumbwi kule bichi, yaani bandarini. Halafu maduka, halafu vinyozi, halafu bar, halafu makanisa na msikiti pia. Akapanda treni mpaka Kalemie, akashuka mto mpaka Kisangani, na kila alipofika aliacha ukuta mmoja umechangamka. Watu wa mbali wanamwita msanii, wanasema picha zake ni za watu wote, kwa sababu hata asiyejua kusoma anazielewa akiwa anapita na mzigo kichwani. Mimi nilikuwa namwita Blanchard tu. Yeye ananiita Yaya, yaani kaka mkubwa.

Kazi yake ilikuwa na nguvu kupita kiasi. Mwaka wa 1987 alimpakia Mama Jeanne kuku kwenye ukuta wa restora yake, kuku mwekundu, mukubwa kama mutoto wa miaka mitano. Wiki ya kwanza Mama Jeanne akaja hapa amekasirika: "Papa, wateja wanaagiza maharagi! Wanasema yule kuku anawaangalia wakila ndugu yake." Blanchard hakubishana. Alichukua penso, brashi yake, akaenda kumfumba kuku macho. Mauzo yakarudi. Mpaka leo yule kuku amesinzia pale, muende mumuone.

Kitu kimoja hakuwahi kufanya: kuandika jina lake chini ya picha. Na kingine: kueleza. Ukimuuliza kwa nini ameweka mwezi hapa au jicho pale, atakujibu neno moja, halafu anarudi kwa rangi yake. Mimi ni muntu wa kuuliza. Miaka arobaini na nne nimemuuliza. Majibu yote niliyopata yanaingia kwenye kopo la sardini.

Sasa nifike kwenye vita, kwa sababu bila vita hamutaelewa ekspo yake, maonyesho yake ya picha ya mwezi huu, na bila ekspo hamutaelewa kwa nini mimi, Rémy, nimeandika neno "kosa" katika karatasi hii. Mutalikuta mbele.

Mwaka wa 2000 na 2001 mji ulikuwa umefungwa. Treni ilikuwa imelala, shamba halifikiki, chumvi ilikuwa inauzwa kwa kijiko. Waliotulisha ni vijana wa kusukuma kinga, maana kwetu baiskeli ni kinga. Walikuwa wanavuka mto mpaka Alunguli, wanapakia kinga chumvi na sabuni, wanasukuma kwa miguu mpaka Kalima na Kampene, wanarudi na mafuta na mchele. Wengi hawakujua kusoma. Kwa hiyo Blanchard aliwapakia kila mumoja kibao kidogo cha kufunga nyuma ya kiti, na juu ya kibao alama yake: samaki, ufunguo, mwavuli, jembe. Vibao nilikata mimi. Mia mbili na kitu. Malipo ilikuwa mihogo, na mara nyingi hata mihogo hapana.

Mmoja wao alikuwa Soudi, mume wa Mama Adolphine, jirani yetu. Soudi alikuwa na upara tangu ujana, kichwa kinang'aa kama bakuli. Aliomba chanuo. Blanchard akamuuliza mara mbili. Soudi akasema: "Chanuo, ndiyo! Watu wamalize kucheka mbele sijafika." Basi akapakiwa chanuo la mti, la meno marefu, la njano.

Soudi aliondoka mwezi wa pili 2001. Hakurudi. Hakuna muntu aliyeleta nguo yake, hakuna aliyeleta kinga yake. Baada ya mwaka maneno yakaanza: Soudi ameoa kule machimboni Kampene, Soudi anachimba, Soudi ananenepa. Dada yake mukubwa, Mama Aziza wa Alunguli, aliyaamini yale maneno, labda kwa sababu yalimwachia ndugu mzima. Akasema familia haitasoma hitima ya muntu anayekula wali kwa mke mwingine. Ndivyo Mama Adolphine alivyokaa miaka ishirini na nne, si mjane, si mke. Akipita sokoni wanawake wanashusha sauti. Hakuolewa. Ukimuuliza anasema tu, "Mimi ninangojea habari."

Sasa sikilizeni. Katikati ya mwaka ule wa 2001 rangi ilituishia kabisa, na Blanchard mwenyewe akachukua kinga akasukuma. Safari moja tu, mapafu yake hayakuweza mbili. Lakini njiani aliona kitu kilichomfanya asahau njaa. Kwenye vibanda vya kupumzikia, kila kituo, ukuta umejaa alama zake! Wasukumaji walikuwa wanachora kwa makaa: samaki amepita hapa, ufunguo umepita hapa. Anayefuata anasoma, anapeleka habari nyumbani. Ukuta ukijaa, mwenye kibanda anaupaka udongo mupya, zinaanza tena. Blanchard alinunua daftari ya shule akazinakili zote, kituo kwa kituo. Kituo alichopenda zaidi ni cha tatu, siku mbili kutoka Alunguli, kiliitwa Kwa Anne, kwa sababu ya mama aliyekuwa anapika mchele pale.

Alirudi salama, lakini kwa woga. Siku zile ukikamatwa na karatasi yenye michoro isiyoeleweka, watu wenye bunduki wangesema ni ramani ya adui. Akatia daftari ndani ya kopo la maziwa ya unga, akalifukia chini ya sakafu ya atelye. Hakumwambia muntu. Mwaka wa 2005 akiwa Kisangani anapaka mashua, mukubwa wetu wa wakati ule akaimwagia sakafu sima, yaani saruji. Blanchard aliporudi alitazama chini, akasema, "Basi." Tulidhani anasifu sima.

Aliyelitoa lile kopo ni mimi. Mwaka jana nilivunja ile sima ili kusimamisha mguu wa meza yangu mupya, nyundo ikalia kama sahani. Daftari ilikuwa kavu. Mchwa hawakuigusa. Blanchard alikaa chini sakafuni na magoti yake mabovu, akageuza ukurasa mmoja mmoja mpaka saa ya chakula ikapita. Siku ile akaniomba mbao arobaini na moja, za libuyu, mti mgumu wa kwetu, urefu mmoja, upana mmoja. Hakusema za nini. Nilimpa mbao ambazo hata waziri hana mezani.

Mwaka mzima alipaka. Ubao mmoja, alama moja, kutoka kwenye daftari. Rangi zake za vita: njano, bluu, nyekundu, hakuna nyingine. Mama Nathalie, mukubwa wetu wa sasa, akasafisha depo yetu ya zamani ya mchele, akapaka chokaa, akaiita galeri. Ekspo ikaitwa "Njia na Alama", ifunguliwe Jumamosi tarehe 11 Oktoba, iwe kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu.

Ijumaa alipanga mbao zake pale galeri, kituo kwa kituo. Kwa kila kituo zingine zimesimama zikiegemea ukuta, zingine zimelazwa kwa ubavu. Akaniambia: "Yaya, uzitundike vile zimekaa. Mimi kesho asubuhi nitavuka Alunguli, niko na muntu wa kuleta."

Nikamuuliza, hizi kwa nini zimelala?

Akasema, "Zimechoka."

Hilo njo jibu. Nikalitia kwenye kopo langu la sardini.

Munisikilize vizuri hapa, na mafundi munihukumu. Mimi nilifundishwa kwamba ubao una chini yake na juu yake, vile mti ulivyoota. Upande wa mizizi unakaa chini. Jicho la tawi linaangalia mbingu. Ubao ukilazwa ukutani unapinda tumbo kama muzee aliyekula sana, na watu hawasemi mpakaji ni mbaya, wanasema seremala ni mbaya. Miaka hamsini sijalaza ubao. Kwa hiyo asubuhi ile, Blanchard akiwa ng'ambo, nilizisimamisha zote. Arobaini na moja, zimenyooka kama askari. Nikasimama mlangoni nikajipongeza. Nilisema, Blanchard macho yamechoka, mimi nimemuokoa.

Watu wakaja saa tisa. Viti vya kukodi, fanta, vijana wa redio. Wasukumaji wa zamani walikuja wamevaa mashati ya Jumapili, na nikaona kitu cha ajabu: waliingia wanacheka, wakanyamaza kabla ya kufika katikati. Walikuwa wanatembea polepole, wanatazama mbao, wanatazamana. Désiré, ambaye alama yake ilikuwa mwavuli, alikuja kwangu akaniuliza kwa sauti ndogo: "Papa Rémy, kwani sisi wote tulikufiaga kule?"

Nilimwambia anywe fanta yake.

Mama Adolphine alikuja na kitenge kipya. Chanuo lilikuwa moja tu katika daftari nzima, kwa hiyo chanuo lilikuwa moja tu ukutani, kituo cha tatu, Kwa Anne. Alilifikia. Alisimama mbele yake muda wa kumenya chungwa. Halafu akatoka, bila kumuaga muntu, bila fanta. Nilidhani ni machozi ya kumbukumbu. Nilidhani pia, Mungu anisamehe, kwamba amefurahia ubao.

Karibu saa kumi Blanchard akafika, maji mpaka magoti, mota ya mtumbwi ilikuwa imewazimikia katikati ya mto. Muntu aliyekwenda kumleta alikuwa Mama Aziza, dada ya Soudi. Alikuwa amemkatalia wiki mbili, siku hiyo alikubali. Mama Aziza aliingia, na yeye anajua ile njia, mume wake alisukuma. Akaenda moja kwa moja kwenye chanuo. Akageuka.

"Blanchard, umenivusha mto kwa hii? Si nilikuambia? Alienda. Njo hii inasimama mbele ya macho yako, alienda!"

Blanchard alitazama chanuo. Halafu akatazama kuta zote, kutoka mlango mpaka dirisha. Halafu akanitazama mimi. Miaka arobaini na nne sijawahi kuona zile nyusi.

"Yaya. Umefanya nini?"

Nikamwambia nimefanya kazi. Nikamwambia ubao haulali.

Akasema, "Ubao haulali, lakini muntu analalaga."

Nilianza kubisha, nikamweleza habari ya mizizi, nikamweleza habari ya tumbo la ubao, mbele ya watu wote na redio. Désiré njo aliyenishika mkono. Akasema: "Papa Rémy, wewe wakati wa vita ulikuwa unakata vibao, hukusukuma. Ukienda, unachora alama yako imesimama. Ukirudi, unaichora imelala, sababu uko karibu kulala kwako. Mtu akikuta samaki amelala, anakimbia kumwambia mke wake apike. Hata watoto walijua. Wewe umewasimamisha wote. Umetupeleka wote, hukurudisha hata mumoja."

Sasa njo nikaelewa kwa nini walinyamaza. Na nikaelewa kwa nini Mama Adolphine alitoka. Na nikauliza: na chanuo? Kwenye daftari, chanuo liko namna gani?

Blanchard alifungua daftari, akaiweka mkononi mwa Mama Aziza, si mkononi mwangu. Kurasa za kituo cha tatu. Chanuo la makaa, limelala kwa ubavu, meno yanaangalia mto. Pembeni Blanchard alikuwa ameandika kwamba ukuta ule ulipakwa udongo mupya mwezi wa tatu, kwa hiyo ni safari ile ile: Soudi alikuwa amefika Kwa Anne akirudi. Zilibaki siku mbili. Kilichomkuta katika zile siku mbili daftari haisemi, na hakuna anayejua. Lakini alikuwa anarudi nyumbani.

Mwaka ule Blanchard alinakili kama mpakaji, hakusoma kama msukumaji; alilijua hilo nilipotoa kopo. Hakutaka kulisema kwa mdomo, baada ya miaka ishirini na nne ya maneno ya mdomo. Alitaka hao wanawake wawili walione kwa macho, siku moja, wakiwa pamoja. Kwa hiyo alifanya kazi mwaka mzima. Na mimi nikaliharibu kwa nyundo na akili yangu.

Ninaandika hapa, kwa hiari: lile lilikuwa kosa, na lilikuwa langu. Déborah ameniuliza kama niko hakika na hilo neno. Niko hakika. Nimelitumia mara moja tangu 1975, lisiguswe.

Nilichukua nyundo. Mbao kumi na tisa zilikuwa za kulala, Blanchard akizisoma kwenye daftari, mimi nikizilaza, na watu wamekaa na fanta zao wanangoja. Nilianza na chanuo. Kila ubao ulipolala, pale nyuma mumoja alikuwa anapiga makofi: "Huyu ni mimi! Nimefika!" Désiré alipolazwa alicheza, na goti lake bovu.

Halafu nilikwenda mwenyewe kwa Mama Adolphine. Blanchard alitaka kwenda, nikamwambia kaa. Nilimkuta kwenye mlango wake anachagua mawe kwenye mchele, kitenge kipya amekivua. Hakuniambia karibu. Nikasimama.

"Mama, ile ubao mimi niliitundika vibaya. Si Blanchard. Si Soudi."

Hakuinua macho. Akauliza, "Sasa iko namna gani?"

"Imelala."

Aliweka ungo chini. Mchele mwingine ulimwagika, hakuuokota. Tulitembea njia yote mpaka galeri, yeye mbele, mimi nyuma.

Alipoingia watu walifungua njia. Alilitazama chanuo. Hakulia. Alisema kwa sauti ya mke anayengoja mlangoni: "Soudi, umechelewa sana." Hapo Mama Aziza akamshika kiuno, akasema, "Wifi, unisamehe, mimi nilimtaka mzima," na wakaketi wote wawili kwenye kiti kimoja, kiti changu, ambacho nilijenga kwa ajili ya muntu mmoja, na hakikulia.

Ijumaa iliyofuata hitima ya Soudi ilisomwa Alunguli. Blanchard alikaa mstari wa mbele pamoja na familia.

Papa Blanchard, wewe umefundisha vijana ishirini na mbili kushika penso, umeupa mji huu uso wakati ulikuwa umefunika uso, na ulituma alama zako zikatembea mahali ambapo treni iliogopa. Atelye inakushukuru. Mama Nathalie atakupa cheti. Mimi nimekutengenezea kiti cha libuyu, mizizi chini, juu ni juu. Ukalie. Uende taratibu, mke wako akuchoshe kwa chakula kizuri, mapafu yako yakuhurumie, na ukiulizwa kitu, jibu hata maneno mawili. Tunakuombea siku nyingi zenye rangi. Mimi bado niko hapa, anayetaka meza aje.

Asiyeamini niliyoandika amuulize Désiré wa mwavuli. Amuulize Mama Aziza, Alunguli, nyumba ya pili kutoka bichi. Amuulize Mama Jeanne kuhusu kuku. Na zaidi ya wote Mama Adolphine, ambaye Blanchard amempa ule ubao, na mimi njo niliyeupigilia juu ya mlango wake. Uko pale, umelala, kwa misumari minne. Wa kwanza umepinda kidogo. Huo musiuulize.